Kitabu Kisicho na Mkia

Niliondoka Londiani asubuhi moja bila kumwambia mtu ninakokwenda, kwa sababu hata mimi sikujua. Kazi ya kuvuna viazi ilikuwa imekwisha, udongo mweusi bado umejaa chini ya kucha zangu, na nilikuwa nimechoka kufungua mlango uleule kila siku na kuona zizi lilelile. Hali hiyo hunijia. Miguu huanza kuwasha, na ikianza hakuna wa kuituliza. Nilikunja blanketi, nikatia sufuria yangu ndogo kwenye mfuko, nikasimama kando ya barabara. Lori la maziwa lilinibeba hadi Kericho mjini. Dereva aliponiuliza nashukia wapi, nilimjibu kwamba popote atakaposimama.

Kutoka mjini nilitembea. Kila nilipofika njia panda nilichagua njia iliyoteremka, maana sikuwa nimekula. Shule niliiacha nikiwa darasa la saba, mwaka ambao ng'ombe wa nyumbani walihitaji mchungaji kuliko mimi nilivyohitaji hesabu, lakini kusoma sikuwahi kuacha. Nasoma chochote chenye maandishi: gazeti lililofungia nyama, maelezo ya mgongoni mwa gunia la mbolea, tangazo la mazishi kwenye nguzo ya umeme. Siku hiyo nilisoma mabango yote ya Kabianga, ya vyumba vya wanafunzi na ya vinyozi, na nilipokuwa nimepita chuo kikuu na kuingia kwenye mashamba madogo ya chai, mvua ikanishika.

Mvua ya huko huanguka yote kwa pamoja. Nilikimbilia kwenye kituo cha majani, lile banda la mabati lililo wazi ubavuni, ambapo wakulima hupeleka majani mabichi ya chai yakaguliwe na kupimwa kabla lori la kiwanda halijayachukua. Haikuwa siku ya lori. Mezani, mahali ambapo majani humwagwa, palikuwa na vitabu.

Vilikuwa vimetandazwa meza nzima, vya shule na vya hadithi, vya dini na vya kilimo, vingine vimevimba kwa unyevu. Mwanamke wa makamo, shingoni ana utepe wa kupimia nguo, alikuwa anavifungua kimoja kimoja.

"Wewe, usinisimamie hapo kama askari," alisema bila kuinua kichwa. "Mikono yako iko safi?"

"Iko na udongo wa viazi, Mama."

"Basi osha. Maji iko kwa mtungi. Ukimaliza, uangalie mikia."

Niliosha mikono bila kuelewa mikia ni nini. Mvua haikuacha mpaka jioni, na kufikia jioni nilikuwa nimeelewa, nimepewa ugali, na mtu mwingine aliyekuwapo, karani wa kile kituo, alikuwa ameshanibandika jina. Aliniita Londiani. Nikabaki Londiani kwa muda wote niliokaa huko.

Mama alikuwa fundi wa nguo. Familia yake ilitoka upande wa kati wa nchi zamani, baba yake akafungua duka hapo sokoni, na yeye alikuwa na cherehani yake kwenye kona ya duka hilohilo. Karani alikuwa mwenyeji, Mkipsigis, na kazi yake kubwa baada ya kupima majani ilikuwa kumchokoza Mama. Alimwambia kila mara kwamba watu wa kwao hawawezi kugawa kitu bure, lazima kuna mahali anauza hivi vitabu. Mama alimjibu kwamba akishaviuza atamnunulia karani meno ya kucheka nayo. Hao wawili, pamoja na wanakanisa wachache waliokuja wakiwa na nafasi, ndio walikuwa chama chote cha kukusanya vitabu. Hakikuwa na ofisi wala kibao. Wanafunzi wa chuo waliomaliza masomo waliacha vitabu vyao pale kwenye cherehani, wazazi wakaleta vya watoto waliokua, na kila baada ya muda vilipelekwa gerezani, upande wa Bomet.

Nilimuuliza Mama ilianzaje. Akasema walienda na kwaya kuwaimbia wafungwa na kuwapa sabuni. Wakati wanatoka, kijana mmoja akamwomba kwa adabu kwamba safari nyingine walete sabuni ya aina tofauti. Mama akadhani ile imemwasha ngozi. Kijana akasema hapana, sabuni ni nzuri, ila maandishi ya karatasi yake ameshayasoma mpaka anayajua kwa moyo, na angependa kusoma karatasi nyingine.

Sijui kama kuna neno lingine ambalo lingenibakisha pale. Hilo lilinitosha. Nilipata kazi ya kuchuma chai kwa jirani wa Mama, nikapewa kona ya kulala kwenye ghala lao la mbolea, na siku zisizo za lori nilikuwa mezani na vitabu.

Kazi yenyewe ilikuwa na sheria. Kila kitabu kilipekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Pini zilitolewa. Namba za simu zilizoandikwa pembeni zilifutwa, na zile barua za mapenzi ambazo wanafunzi husahau katikati ya vitabu vya biashara zilitolewa na karani akazisoma kwa sauti ya mhubiri kabla ya kuzitia motoni. Lakini sheria ya kwanza, iliyotangulia zote, ilikuwa mkia. Unapokishika kitabu, kabla ya kutazama jina lake, unakifungua nyuma kabisa uone kama kimekamilika. Kitabu kisicho na mkia hakiendi.

Sheria hiyo ilikuja kwa sababu ya kitabu kimoja. Mwaka uliotangulia walipeleka riwaya ya Kiswahili ambayo haikuwa na jalada, wala jina, wala kurasa za mwisho. Pengine kurasa hizo zilifungia njugu mahali fulani. Hakuna aliyegundua. Kule ndani kuna bweni moja ambalo wafungwa wake wana mtu wao wa kuwasomea. Jioni wakishafungiwa, yeye husoma kwa sauti, wengine husikiliza. Walikisoma kile kitabu kwa majuma. Ni habari ya mwanamke ambaye mume wake alikwenda kutafuta kazi na hakurudi. Mwanamke anamfuata mji kwa mji, anafua nguo za watu, anauza mahindi ya kuchoma, anadanganywa, anaibiwa, anaendelea. Mwishowe anafika kwenye nyumba moja, anapiga hodi, ndani analia mtoto mchanga, na nyayo zinakuja mlangoni. Hapo kitabu kinakatika.

Afande wa ustawi, yule anayeshughulika na mambo ya wafungwa na wageni wao, ndiye aliyemsimulia Mama. Alimwambia wamemletea shida. Bweni zima lilidhani msomaji amezificha kurasa ili awauzie kwa sigara. Walimpekua mpaka kwenye godoro. Walipokubali kwamba hazipo, wakaanza kubishana nani anafungua mlango, na ubishi huo ulikuwa bado haujaisha.

Aliyeteseka zaidi alikuwa mzee mmoja. Hajui kusoma. Sikuambiwa alifungwa kwa kosa gani na sikuuliza. Wakiletewa hadithi nyingine husikiliza kwa heshima, na ikiisha humwomba msomaji arudi kwa yule mwanamke, amsomee pale anapopiga hodi. Msomaji humwambia kwamba hakuna kinachofuata. Mzee husema anajua, asome tu, pengine leo watafungua.

Tangu siku aliyoambiwa hayo, Mama alikuwa anakitafuta kitabu hicho kizima bila kujua jina lake. Kila riwaya iliyokuja aliifungua akitafuta mwanamke anayepiga hodi.

Niliyekipata ni mimi, na haikuwa kwa ujanja wowote. Mwanafunzi alileta katoni, nikaanza kuangalia mikia, na kwenye kitabu kimoja chenye jalada la bluu nikaona, kurasa chache kabla ya mwisho, mtoto mchanga analia na nyayo zinakuja. Nilimwita Mama. Alikuja na sindano mdomoni, akasoma, akaitoa ile sindano, akaichomeka begani, akaketi juu ya mzani wa majani.

"Huyo ndiye yeye," alisema. "Usinisomee mbele. Sitaki kujua kabla ya wenyewe."

Mimi nilisoma mbele. Nilikisoma chote, kuanzia mwanzo, kwenye mwanga wa mlango wa lile ghala, na sijutii hata kidogo.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Siku ya Alhamisi, afande alimpigia Mama simu kuhusu jambo lingine na katika mazungumzo akataja kwamba yule mzee amepata uhamisho. Jumatatu inayofuata anapelekwa gereza la mbali, na huko hamna chama cha vitabu wala mtu wa kuwasomea wenzake. Mama alibaki na simu sikioni hata baada ya afande kukata. Halafu akasema vitabu vitaondoka kesho asubuhi, viwe vimejaa gunia au havijajaa.

Sasa hapa lazima nieleze juu ya lile gunia, maana ndilo lililotuponza. Gereza lilikuwa limekataa katoni, kwa kuwa watu walificha vitu kati ya tabaka za karatasi. Walitaka mfuko laini unaofunguka mdomo. Karani akatupa gunia la neti la kuwekea majani, kuukuu lakini zima. Matundu ya neti yalikuwa makubwa, vitabu vidogo vilichomoza pembe, kwa hiyo Mama akalishonea kitambaa kwa ndani. Alitumia mabaki ya sare za shule aliyokuwa akiishonea. Sare za shule hiyo ni za kijani. Alhamisi jioni tukapakia, Mama akaufunga mdomo kwa uzi wa mara mbili, tukaliacha kituoni, kwenye kona kavu, limngoje mtu wa pikipiki wa kulipeleka gerezani.

Niliporudi asubuhi, kituo kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Karani alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani.

"Londiani," alisema, "imepepa."

"Imepepa nini?"

"Lori. Imepepa."

Ulimi wake, kama wa wengi wa huko, hauweki mpaka kati ya b na p, na siku za kawaida hilo halinisumbui, lakini asubuhi ile nilisimama nikijaribu kuona lori linapepea vipi. Ndipo nikaelewa: imebeba. Lori lilikuwa limeharibika katikati ya juma, kiwanda kikabadilisha siku bila kutuma habari, likaja alfajiri. Wakulima walikimbia na majani yao, karani akapima haraka haraka huku mvua ikinyesha, na wapakiaji wakatundika kwenye ndoano za lori kila kitu cha kijani kilichokuwa chini ya bati. Mmoja wao alilalamika kwamba kuna mtu amechuma mawe. Karani alicheka naye. Lori lilipopotea kwenye kona ndipo alipotazama ile kona kavu.

Hakuna mahali pengine duniani ambapo vitabu vingepotea namna hiyo, nadhani. Kiwandani majani hayakai. Hushushwa, yakamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu na kupulizwa hewa ili yanyauke, na kutoka hapo yanaenda kwenye mashine za kuyakatakata. Nilimwona Mama akija kutoka sokoni, anatembea upesi, na sikutaka kuwa hapo karani akimweleza. Nilimwambia karani amwambie nimeshatangulia. Nikakimbia.

Trekta lililovuta shehena ya kuni za mikaratusi lilikuwa linapanda kilima. Viwanda huchoma kuni hizo kupata mvuke, kwa hiyo nilijua linakokwenda hata kabla ya kuuliza. Nilirukia nyuma na kukaa juu ya magogo yaliyolowa. Njia nzima nilikuwa nafikiria mambo mawili tu: kile kitabu cha bluu kikikatwa vipande vidogo na kuuzwa kwenye pakiti, na yule mzee akipanda gari la magereza siku ya Jumatatu, mlango wa yule mwanamke bado umefungwa.

Soja wa langoni alinitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Unataka nani?"

"Sitaki mtu. Nimefuata vitabu."

"Ndugu yangu, hapa ni kiwanda cha chai."

"Najua. Vimekuja na majani."

Aliniomba nirudie. Nilirudia. Akamwita mwenzake aje asikie, nikarudia tena, na yule mwenzake akaniuliza kama nimekunywa chai asubuhi hiyo au kitu kingine. Walikuwa wanafurahia, na mimi nilikuwa nataka kulia. Mwishowe msimamizi wa majani mabichi alipita karibu, akasikia neno gunia, akasimama.

"Gunia la kituo gani?" aliuliza.

Nilimtajia.

"Zito hivi, limeshonwa mdomo?"

"Ndilo."

"Kumbe ni wewe," alisema, na akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa upole.

Wapakuaji walikuwa wameliona limeshonwa, wakalitilia shaka. Kuna wakulima, wachache, ambao huweka jiwe au magogo katikati ya majani ili uzito upande, na msimamizi alikuwa amewatafuta watu hao kwa muda mrefu. Alikuwa ameliweka gunia kando, kwenye pembe ya majani yaliyokataliwa, bila kulifungua, akimngoja mwenyewe ajilete. Nilipanda naye ngazi mpaka ile ghorofa ya vitanda vya majani, amenishika kama mwizi, wafanyakazi wakitumbua macho, na kila hatua mimi nilizidi kufurahi. Kushikwa kwangu kulimaanisha kwamba halijafunguliwa.

Lilikuwepo. Limekaa peke yake kwenye sakafu ya saruji, kijani kama yote yaliyokuwa yamelizunguka. Msimamizi alitoa kisu na kuukata uzi wa Mama. Aliingiza mkono mpaka begani, kama mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa, akatoa kitabu cha hesabu cha darasa la nane. Akaingiza tena, akatoa cha ufugaji wa nyuki. Watu walikuwa wamesogea. Hakuna aliyecheka kwanza. Halafu mama mmoja mwenye koleo la kugeuzia majani akasema kwa Kipsigis kitu ambacho sikukielewa, na ghorofa nzima ikapasuka.

Nilimwomba msimamizi aniruhusu nitafute kimoja. Nilikipata karibu na chini. Nilikifungua nyuma. Mkia ulikuwapo, mkavu, kurasa zote. Nikakaa palepale sakafuni, na nadhani nilisema asante kwa kila mtu, hata kwa soja ambaye hakuwapo.

Msimamizi alichuchumaa kando yangu. Sasa alikuwa mtu mwingine, karibu mwenye aibu. Nilimweleza vitabu ni vya nani. Alisikiliza, akanisaidia kuvirudisha, akatafuta kamba mpya. Alininong'oneza kwamba naye ana shemeji aliyewahi kufungwa, na sikumuuliza zaidi.

Nilimpigia Mama kwa simu ya ofisi yao. Nilimwambia limepatikana. Nikamwambia na mkia upo. Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Karani, leo umepona."

Kesho yake, Jumamosi, nililipeleka mwenyewe. Mama alisema hataki tena mtu wa pikipiki, wala ndoano, wala kona kavu. Alinifungia viazi vitamu na kunipa shuka zito, maana huko usiku, alisema, kuna baridi ya aina yake. Karani alinishika mkono muda mrefu na kuniuliza kama nitarudi. Nilisema sijui, na hakukasirika. Nadhani walikuwa wameziona dalili kwenye miguu yangu. Nilipata nafasi kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapeleka vifaranga, nikakaa nyuma na vifaranga na lile gunia, nikateremka na barabara mpaka chai ikapungua, mahindi yakaanza, na jua likawa kali zaidi.

Nilifika gerezani alasiri. Afande wa ustawi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, kofia imekaa sawasawa. Alilitazama gunia, akanitazama mimi.

"Leo ni Jumamosi," alisema. "Vitabu vinapokelewa siku za kazi. Lazima vikaguliwe na mkubwa, na mkubwa hayupo mpaka Jumatatu."

"Jumatatu mzee atakuwa ameshaondoka, afande."

Aligeuka kumtazama askari wa langoni, ambaye alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Ni hicho?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Cha yule mwanamke?"

Nilikitoa. Hakukichukua mara moja. Alipangusa viganja kwenye suruali.

"Kina mkia?"

"Kinao."

"Wewe umekisoma?"

"Nimekisoma."

"Usiniambie."

Alikichukua, akakifungua nyuma, akarudisha kurasa chache, na kuanza kusoma akiwa amesimama palepale juani. Yule askari wa langoni aliacha kiatu, akaja nyuma yake, akanyoosha shingo. Gari la maji lilikuja na kupiga honi. Afande aliinua mkono mmoja bila kuinua macho.

"Nakagua," alisema.

Alikagua mpaka neno la mwisho, kisha akarudi nyuma akakagua tena. Baada ya hapo alikifunga, akakitia chini ya kwapa, akaniambia gunia litangoja Jumatatu kama sheria inavyosema, lakini hiki kimoja kimeshakaguliwa na hana sababu ya kukizuia. Akaingia nacho. Nilisimama nikitazama mgongo wake mpaka mlango mdogo ukafungwa.

Askari wa langoni ndiye aliyenielekeza mahali pa kulala. Nyuma ya kinu cha kusagia mahindi kulikuwa na ploti yenye vyumba vya mabati, wanaopanga wengi ni askari na watu waliokuja kuwaona jamaa zao. Mwenye ploti, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alitaka kujua kama nina mtu ndani. Nilimwambia hapana, nimeleta kitabu. Akaniuliza nitalala siku ngapi, nikasema hilo sijajua.

"Wote husema hivyo," alisema. "Chumba kina kitanda, godoro ni jipya. Taa ukiizima, izime kabisa, swichi inadanganya."

Nilikuwa nje ya mlango wangu nakula viazi vya Mama, bado kuna mwanga, afande alipoingia kwenye ua ule akiwa amevua kofia. Kumbe naye alipanga pale, chumba cha mwisho. Alivuta kigoda akakaa karibu nami, akachukua kiazi bila kuulizwa.

Alisema walipofungiwa tu, msomaji alianza. Bweni lilikuwa kimya hata wale wa bweni la pili wakapiga ukuta kuuliza kuna nini. Akasoma hodi. Akasoma mtoto. Akasoma nyayo, na mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa mume mwenyewe, amenenepa, mtoto yuko begani, hamtambui. Mwanamke anamtazama. Anaomba maji ya kunywa. Analetewa, anakunywa, anarudisha kikombe, anashukuru, anaondoka. Basi.

"Na mzee?" niliuliza.

"Mzee amekataa."

"Amekataa nini?"

"Mwisho. Amesimama katikati ya bweni. Anasema, 'Amekunywa maji tu? Kutoka huko kote?'" Afande alianza kucheka, akalazimika kukishusha kiazi. "Anasema mwandishi hajui wanawake. Nusu ya bweni iko na yeye, nusu inasema yule mama wa kitabuni amefanya vizuri. Nimewaacha wanapigana kwa maneno. Kijana mmoja akasema mzee apewe zile kurasa za mwisho aende nazo, kwa kuwa ndizo zinamsumbua. Karibu wamrarue huyo kijana."

"Kwa hiyo hakufurahi."

"Nani kasema? Amelala anacheka peke yake. Ameniambia huko anakopelekwa atawasimulia yote, na akifika mlangoni ataurekebisha mwisho yeye mwenyewe."

Nilimwomba afande simu yake, nikampigia Mama hapohapo, kisha nikamrudishia aseme kwa kinywa chake. Nilimsikia Mama akicheka mpaka akakohoa. Kisha akamuuliza jambo, na afande akanitupia jicho na kujibu kwamba ndiyo, yuko hapa, anakula viazi.

Afande alipoingia chumbani kwake, mwenye ploti alikuja na kufuli na birika la chai ya maziwa, akavikabidhi pamoja. Aliniambia ufunguo ni mmoja tu, nisiupoteze, na kama nitaondoka mapema kuliko yeye anavyoamka niuache juu ya dirisha. Niliutia mfukoni. Nilimuuliza kule ng'ambo ya mto, mahali palipokuwa na moshi, panaitwaje na watu wake hufanya kazi gani. Akaketi kwenye kile kigoda cha afande, akajimiminia chai, akaanza kunieleza.